Mdomo wa Mama na Kompyuta Tatu

Mama alikuwa na mdomo, tena si mdomo wa mchezo. Alikuwa dalali wa mnada sokoni: anapanda juu ya meza, mkononi ana pasi iliyokatika waya au kiti chenye mguu mmoja wa kubandika, na kabla hujajiuliza umefuata nini pale, umekwisha kununua na bado unacheka. Alimsema mteja, akamsema aliyekuja na mteja, akakisema na kiti chenyewe. Kuna watu walipita njia ile makusudi ili wasemwe. Kisha siku moja upande wake wa kulia ukakataa kazi, ulimi nao ukalala, na nyumba iliyozoea kelele ikawa kimya mpaka saa ya ukutani inasikika.

Daktari alieleza vizuri, tumpe haki yake. Akili yote ipo, maneno yote yapo, anasoma na kuelewa kama zamani. Njia ya kutokea tu ndiyo imeziba. Mkono wa kushoto ni mzima. "Mtafutieni namna ya kusema," alisema, "na msimwache akae kimya. Mtu akishakizoea kimya, kumtoa humo ni kazi." Maneno hayo yalimwingia Kitinda kuliko wote.

Kitinda ndiye mtoto wa mwisho, na jina hilo la utani lilimganda tangu utotoni. Ni mwanamke mzima sasa, mtaalamu wa kuandika programu za kompyuta, anaheshimika kazini kwake, lakini nyumbani ni Kitinda na atazeeka akiwa Kitinda. Alikaa chini akatengeneza ubao unaosema: tableti yenye vitufe vikubwa, ukigusa kitufe, inatoka sentensi. Sauti alitoa Mama Mdogo, mdogo wake Mama, fundi cherehani, maana ndugu hao wawili ukiwasikia ukiwa chumba cha pili huwezi kujua yupi ni yupi. Kazi ya kupanga sentensi, hii ikae wapi na ile iwe ukurasa gani, ilichukuliwa na Kaka, mtoto wa kwanza, mkuu wa utumishi katika ofisi moja, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliichukua tu, kwa kuwa yeye ni mkubwa na mkubwa lazima awe na lake.

Na Mama? Mama ndiye aliyetunga. Kwa kidole cha kushoto, herufi moja, anapumua, herufi nyingine, jasho linamtoka. Na alivyotunga, jamani! Hakuomba maji kinyonge. Aliandika, "Leteni maji, au mnasubiri mvua?" Aliandika, "Wewe, funga bakuli lako, nasikiliza redio." Aliandika na moja ya kumpokea daktari, ambayo Mama Mdogo alishindwa kuirekodi kwa kucheka, alirudia, akarudia, mpaka mbavu zikamuuma. Kitinda akiusikia ubao ukisema vile alijihisi mtoto tena, amekaa chini ya meza ya mnada, anamsikiliza mama yake akiuendesha umati anavyotaka yeye.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Zilikuwa tatu, na za aina tatu. Ya Kitinda ilikuwa na mfumo wa wataalamu aliouweka kwa mikono yake. Ya Kaka ilikuwa ya ofisini, nzito, imejaa vibandiko vya mali ya kampuni. Ya Mama Mdogo ilikuwa ile nyembamba ya kifahari, aliachiwa na mwanawe aliponunua mpya, na alikuwa akiifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Ukizipa faili moja, kila moja inakuja na lake, kama mawifi. Basi wakajiwekea sheria ya kifamilia: kazi yote ikae kwenye flashi moja, flashi ifungwe kwenye kipande cha utepe wa kupimia wa Mama Mdogo, na aliyeivaa shingoni ndiye mwenye ruhusa ya kugusa. Asiyeivaa, mikono nyuma. Ukiisikia, ni sheria nzuri. Ila ndani ya flashi kulikuwa na folda iitwayo MPYA, na MPYA KABISA, na YA MWISHO, na nyingine ambayo Kaka aliipa jina kwa mkono wake: YA MWISHO HII MSIGUSE.

Ikafika zamu ya Kaka kuvaa utepe. Wenzake wa ofisini walikuwa waje kumjulia hali Mama, naye akazisoma zile sentensi moja moja, uso ukamshuka. Mama yake mzazi, mtu mzima wa heshima zake, amwambie mkurugenzi afunge bakuli? Akafuta hii, akailainisha ile, na zilizobaki akazitia "tafadhali" mwishoni. Alifanya kwa mapenzi, hilo tulikubali. Kaka hana roho mbaya, ana heshima iliyopita kiasi. Akahifadhi juu ya ile MSIGUSE, akazifuta zile folda nyingine zisiwachanganye watu, akampa Mama Mdogo flashi. Mama Mdogo akafuta ya zamani kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya hii mpya. Kitinda naye akafanya vilevile bila kuangalia. Mpaka tableti inarudi mapajani mwa Mama, hapakuwa na nakala ya zamani popote pale.

Mama alitafuta. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine, akarudi wa kwanza. Kidole kikagusa pale palipokuwa na maji na mvua, na ubao ukasema kwa sauti ya mashine, kwa upole, "Naomba maji, tafadhali. Asanteni sana kwa wema wenu." Mama aliutazama kama mtu aliyevalishwa nguo isiyo yake mbele ya watu. Akaulaza kifudifudi mezani, akageuza kiti chake cha magurudumu kwa mkono mmoja, akaelekea dirishani. Hakuugusa tena siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki ile yote.

Wakaanza kutafuta mchawi. Mama Mdogo alilia akiamini ni yeye, maana ndiye aliyefuta. Kaka akasema yeye alipunguza ukali kidogo tu. Kidogo kiasi gani? Hakumbuki. Sentensi zipi? Hakumbuki zote. Aliyezikumbuka zote alikuwa Mama, na Mama hakutaka kuandika tena hata herufi. Na kwa nini aandike? Utoke jasho kwa sentensi moja, kisha mtu aje akufutie mdomo wako ukiwa umelala!

Kitinda alijilaumu hadi akakosa hamu ya kula. Kazini kwao hakuna anayethubutu kufanya kazi hata asubuhi moja bila programu ya kutunza matoleo: ukibadilisha kitu, inaweka alama, inaandika nani kabadilisha, kabadilisha nini, na kwa nini, ukitaka kurudi ulikotoka, unarudi. Huko anaihubiri kwa kila mwajiriwa mpya. Nyumbani kwa mama yake akawaachia watu flashi na utepe wa cherehani. "Hivi nilikuwa na akili gani?" alijiuliza.

Akaapa kurekebisha, na haraka, maana kile kimya alichokisema daktari kilikuwa kimeshaanza kuvuta kiti kikae. Akahamishia kompyuta yake chumbani kwa Mama, kwenye meza iliyo kando ya dirisha, ili hata kama Mama hamtazami, basi asiwe peke yake.

Alianza na anayoijua: ile ya kazini, ya dirisha jeusi, unaandika amri kwa maneno na mambo yanakwenda. Kitinda kwenye dirisha jeusi ni moto, vidole havionekani. Akawawekea Kaka na Mama Mdogo, akawaandikia amri za kuanzia, akampigia Mama Mdogo simu.

"Umefungua?"

"Nimefungua, mwanangu, lakini imezimika."

"Haijazimika, Mama Mdogo. Ndivyo ilivyo. Ni nyeusi."

"Nyeusi tupu?"

"Kuna kakijiti kanapepesa pale juu kushoto. Unakaona?"

Mama Mdogo akasema kwa huruma, kama anayempa pole mfiwa, "Nakaona. Maskini."

Kitinda akakata simu, akaegemeza kichwa mezani. Hapo angeweza kukasirika, akasema watu wazima wajifunze kama alivyojifunza yeye. Wataalamu wengi husema hivyo, na wanaona fahari. Lakini Kitinda aliyatazama mabega ya mama yake pale dirishani, na fahari ikamtoka. Kama chombo kinahitaji mtu awe Kitinda ndipo akitumie, basi chombo hicho ni cha Kitinda, si cha Mama. Akaanza kutafuta yenye picha na vitufe, ya kueleweka, na inayokubali kompyuta zote tatu.

Ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu kwenye kompyuta ya Kaka. Kaka aliisifu siku nzima. Ila kwenye ile ya kifahari haikuwepo. Ilikuwepo binamu yake, yenye vitufe vingine na mahali pengine. Kaka akajitolea kumwelekeza Mama Mdogo kwa simu. "Bofya cha kijani, juu kulia." "Kulia hakuna kijani." "Kipo, mimi nakiona." "Unakiona huko kwako, mimi niko kwangu!" Walinuniana mpaka jioni. Kitinda akaelewa kwamba haitoshi kila mmoja awe na vitufe. Lazima viwe vitufe vilevile, mahali palepale, ili mmoja akikwama mwenzake amshike mkono. Akaitupa.

Ya pili ilifunguka kote, na sura yake ilikuwa moja. Kitinda akafurahi. Akawaambia wajaribu kuandika sentensi kadhaa kila mtu kwake, kisha wazitume. Kumbe Kaka na Mama Mdogo wameigusa sentensi moja kwa wakati mmoja, ile ya chai, na programu haikujua imsikilize nani. Badala ya kuuliza, ikazipachika zote mbili ndani ya faili, na kuzitenganisha kwa misururu ya alama za hesabu. Tableti, iliyokuwa imelala kifudifudi siku zote hizo lakini Kitinda ameiunganisha na programu, ikavuta faili hiyo kutoka mtandaoni. Kitinda aliigeuza, akagusa kitufe cha chai ajaribu.

Sentensi isiyorekodiwa husomwa na mashine yenyewe, kwa sauti ya bati. Sauti hiyo ikajaa chumbani, bila aibu wala mkato: "Ndogo kuliko ndogo kuliko ndogo kuliko ndogo kuliko. Naomba chai, tafadhali. Sawa na sawa na sawa na sawa na. Chai iko wapi, nyie! Kubwa kuliko kubwa kuliko kubwa kuliko kubwa kuliko."

Kitinda akaikimbilia kuizima, kidole kikateleza, ikaanza upya. Ndogo kuliko ndogo kuliko. Na hapo akasikia kitu nyuma yake, mkoromo fulani, kama kikohozi. Akageuka roho mkononi. Mabega ya Mama yalikuwa yanatikisika. Mama alikuwa anacheka! Anacheka kwa upande mmoja wa uso, machozi yanatiririka, mkono wa kushoto unapiga ubavu wa kiti. Kitinda naye akaanza, wakacheka wawili wao mpaka bati lile likamaliza kubwa kuliko yake ya mwisho. Hakuna sauti aliyowahi kuipenda kama kile kicheko kibovu.

Mama akanyoosha mkono. Akapewa tableti. Ukurasa wa herufi ulikuwa bado upo, maana huo haukuwa na ukali wa kupunguza. Akaandika taratibu, na bati likasoma, "Hii hapana. Leta nyingine." Akapumua, akaandika tena. "Mnada."

Mnada ukaitishwa. Kitinda alikuwa amebakiwa na programu moja ya kujaribu, ya tatu, na hakuwaambia watu jinsi alivyokuwa akiitegemea. Mchana wa siku ya mapumziko wote wakaja na kompyuta zao, wakazipanga kwenye meza ya kulia chakula: ile nzito, ile nyembamba imevuliwa kitambaa, na ile ya Kitinda. Mama akasukumwa hadi kichwani mwa meza. Alikuwa amevaa kilemba chake cha kazini. Hakuna aliyemwambia avae. Alimwonyesha Mama Mdogo kabati kwa kidole, basi.

"Haya, Mama," Kitinda akasema, "hii hapa. Tazama. Sura ni moja kwenye zote tatu. Huu mstari ndio historia ya kazi yetu, na kila ushanga ni badiliko moja. Bluu ni Kaka, waridi ni Mama Mdogo, kijani ni mimi. Ukigusa ushanga unaona nini kimebadilika: kilichotoka kiko kushoto, kilichoingia kiko kulia. Na kabla ya kuhifadhi, inakuuliza umefanya nini, unaandika kwenye kisanduku hiki."

"Na tukigusa pamoja sentensi moja?" Kaka akauliza, maana habari ya ile chai ilikuwa imemfikia.

"Inakuonyesha yako na ya mwenzako, bega kwa bega, uchague. Haipachiki kitu kimyakimya. Hata majina imeyashika. Wewe Kaka uliandika MAJI kwa herufi kubwa, Mama Mdogo akaandika kwa ndogo. Kompyuta yako inaona ni faili moja, yangu inaona ni mbili. Imetuonya kabla hatujaharibu."

Kaka akakubali kwa kichwa. Mama Mdogo akasema rangi ya waridi imempendeza. Lakini Mama hakusifu. Sokoni Mama hakuwahi kunadi sufuria bila kuiangusha kwanza chini mbele ya watu. Ikipona, ndipo anataja bei, na ikivunjika, anamrudishia aliyeileta mbele ya macho ya wote. Akaandika, na bati likasoma neno moja tu.

"Vunja."

Wakatazamana. Mama akamnyooshea kidole Kaka.

"Nivunje nini, Mama?"

"Yote," likasema bati.

Kaka alikuwa amefuta kwa siri kwa wepesi kabisa, lakini sasa, mbele ya mama yake, alimtazama Kitinda kwanza ndipo akashika kipanya. Akachagua sentensi zote. Akafuta. Kisanduku kikamuuliza amefanya nini, akaandika, "Nimetumwa." Akatuma. Tableti mapajani mwa Mama ikawa nyeupe, kurasa zote tupu, na Mama Mdogo akashika mdomo.

Mama hakumtazama Kitinda kabisa. Alimwonyesha mdogo wake kwa kidole. "Rudisha."

"Mimi? Dada, mimi ni wa kushona!" Lakini kidole hakikushuka. Mama Mdogo akavuta kompyuta yake karibu, akainamisha uso hadi pua inakaribia kugusa kioo. "Ushanga wa bluu ndio uharibifu," alijisemea. "Basi mimi nataka ule kabla yake." Akaubofya. Pembeni pakatokea kitufe kilichoandikwa "Rudi hapa". Akakibofya macho kafumba. Kule mapajani mwa Mama sentensi zikaanza kuchipua, moja, nyingine, ukurasa mzima. "Mungu wangu!" Mama Mdogo akapiga kelele. "Kumbe ni kama kufumua mshono tu!"

Mama akaagiza ivunjwe tena. Akarudisha Kaka kwenye ile nzito, kwa kubofya vilevile, mahali palepale. Ikavunjwa mara nyingine, na Mama akajinyooshea kidole mwenyewe kifuani.

Kitinda akamsogezea kompyuta yake, akahamishia kipanya upande wa kushoto. Akajikaza asisaidie, ingawa mikono ilimwasha. Mshale ulitangatanga, ukapita shanga, ukarudi. Mama alikunja uso kama alivyokuwa akikunja zamani anapopimana nguvu na mteja mbishi. Ukatua. Bofya. Kitufe. Bofya. Sentensi zikarudi. Kitinda alimtazama mwanamke yule, nusu ya mwili imemsaliti na bado anajaribu bidhaa kwa masharti yake mwenyewe, akasikia fahari ya kutaka kutoka nje awaambie wapita njia: huyo ni mama yangu.

Bati likatangaza hukumu. "Imeuzwa."

Utepe ule wa kupimia ulirudi cherehanini siku hiyohiyo. Mama akaanza kuandika tena, na wakati huu alikuwa na ushanga wake, mwekundu. Alizirudisha za zamani moja moja kutoka kichwani: ya mvua, ya bakuli, ya daktari. Akaongeza na nyingine. Kuna moja mpya ambayo Mama Mdogo aliirekodi bila kucheka, kwa mara moja tu, kisha akaenda kunawa uso. Kitinda kila asubuhi alifungua mstari wa shanga kabla ya kunywa chai, anautazama ukirefuka, nyekundu, waridi, kijani, bluu, na alikiri moyoni kwamba hajawahi kuona programu nzuri kama ile, pamoja na kwamba wenzake wa dirisha jeusi wangemcheka.

Kisha wakwe wa Kaka wakatuma habari kwamba wanakuja kumtazama mgonjwa.

Mnamjua Kaka. Asubuhi ya siku yenyewe aliamka mapema, akavaa tai, akafungua kompyuta. Alipita sentensi zote. Akaziondoa alizoziona kali, na ile mpya pia akaiondoa, tena hiyo aliisoma mara mbili kabla ya kuifuta. Kisanduku kikamuuliza amefanya nini, na kwa kuwa Kaka ni mtu mkweli, akaandika: "Nimepunguza ukali. Wakwe wanakuja."

Wakwe wakafika, wakaketi, salamu zikazunguka chumba. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza yenye kompyuta ya Kitinda, kilemba kichwani. Baba mkwe, mzee wa sauti ya chini, akamgeukia. "Mkwe mwenzangu, tumesikitika sana. Unaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, baba," Kaka akajibu. "Anashukuru."

"Usingizi unapata?"

"Anapata, baba, anapata."

"Na chakula?"

"Anakula vizuri sana, hana shida."

Kidole cha Mama kilikuwa kinatembea juu ya tableti. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kwanza tena. Kitinda akaona. Alizijua dalili zile. Mara ya mwisho ziliishia dirishani. Akainuka. Mama akainua mkono wa kushoto bila kumtazama: kaa chini. Kitinda akakaa.

Mama akaifikia kompyuta. Mshale ukatangatanga kwenye skrini, na wakwe wakaanza kutazama, kwa sababu Kaka alikuwa ameacha kujibu. Mstari wa shanga ukafunguka. Ushanga wa mwisho ulikuwa wa bluu. Mama akaugusa, akasoma kilichoandikwa, akamtazama mwanawe wa kwanza kwa muda. Hakuwa na hasira. Alikuwa na lile jicho la mnadani, la kumpima mtu. Kisha akarudi ushanga mmoja nyuma, akabofya. Kisanduku kikauliza, naye akajibu, herufi kwa herufi, wageni wote wakitazama: "Nimeyarudisha. Ni yangu."

Tableti ikajaa. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye ile mpya, na chumba kikasikia sauti ambayo mtu yeyote wa soko lile angeapa ni ya Mama.

"Mwanangu, usinisemee. Mdomo ninao."

Kaka alikuwa ametazama viatu vyake. Ni baba mkwe aliyeanza, kwa mguno, kisha kicheko kikamtoka hadi akavua miwani. "Amekupata, mkwe!" alisema. "Haya, mama, tuambie wewe mwenyewe. Chakula unakula?" Naye Mama akamwambia kwa sentensi tatu zilizomfanya mke wa mzee yule aombe kitambaa cha kufutia machozi, na ziara iliyokuwa ya nusu saa ikaendelea mpaka chai ya pili.

Walipoondoka, Kaka alibaki. Alifungua kompyuta yake ile nzito, akautazama mstari. Ushanga wake wa bluu ulikuwa bado upo, na maneno yake ndani yake.

"Kitinda," alisema polepole, "hii yangu haiwezi kuondoka?"

"Haiondoki, Kaka. Kila kitu kinabaki. Ndiyo kazi yake."

"Na wote wanaona?"

"Wote tunaona."

Kitinda alimwonea huruma, maana alijua kaka yake amekuwa akiisemea familia hii tangu ana miaka ambayo wenzake walikuwa wakicheza mpira, na hakuna aliyewahi kumwambia apumzike. Kisha Kaka akaanza kuandika. Aliandika kitu kifupi, akakitazama, akakituma, akafunga kompyuta haraka kama mtu aliyeiba.

Kwenye kompyuta ya Kitinda ukatokea ushanga mpya wa bluu. Mama akaugusa kabla yake. Kaka alikuwa amemtungia sentensi. Ilisema: "Mwanangu, vua tai, tafadhali. Hapa ni kwenu."

Mama aliisoma kwa utulivu. Akaichukua, akapeleka mshale mpaka kwenye lile "tafadhali", akalifuta. Kisanduku kikauliza amefanya nini. Kitinda akachungulia begani mwake, akamwona akiandika, bila kuhema, haraka kuliko siku zote: "Nimepunguza heshima."

Kisha akaushika ubao, akakigusa kitufe. Mama Mdogo alikuwa bado hajairekodi, kwa hiyo lilisema lile bati.

"Mwanangu, vua tai. Hapa ni kwenu."

Kaka akaivua, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na kalamu zake mbili. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu Kitinda amjue, hakusema neno, akasubiri asemwe.